Programu ya Bure ya Majid

Picha ya kwanza ilitokea Jumatano moja, saa nne asubuhi, Maalim Twalib akiwa ameketi ubavuni mwa meza, miwani puani, akifuatilia barua ya mwaliko wa maulidi ambayo Salme alikuwa akimalizia kuichapa. Ilichomoza pembeni mwa skrini, ndogo kama kadi ya harusi, kisha ikatanuka. Alikuwa mwanamke asiye na hata uzi mwilini. Salme alibonyeza alama ya kuifunga, zikafunguka nyingine mbili. Akazima skrini, akabaki anautazama weusi wake.

Maalim alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaikunja, akakusanya karatasi alizokuja nazo moja baada ya nyingine. Mlangoni aliaga kwa salamu kamili, kama ilivyo kawaida yake. Ile barua hakurudi kuichukua.

Salme alikuwa na steshenari yake Bagamoyo, katika mtaa wa maduka ya zamani, kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Alichapia madrasa mitihani yao, alichapa mikataba ya viwanja vya Mapinga, wasifu wa watafuta kazi, hati za mirathi na za talaka. Watu walimpelekea siri zao kwa sababu alikuwa anachapa bila kuuliza, na kilichopita mbele ya macho yake hakikusikika barazani. Duka lilikuwa dogo, lakini jina lake lilikuwa safi, na yeye alilijua hilo na alilithamini kupita mashine zote mle ndani.

Kompyuta hiyo iliguswa na watu wawili tu: yeye na mumewe, Sadallah. Sadallah alikuwa fundi wa injini za boti kule Mbegani mpaka siku mnyororo wa kunyanyulia injini ulipokatika na kumvunja mgongo. Tangu hapo ilikuwa miaka miwili. Hakuweza kuinama wala kubeba, na kwa kuwa hakupenda kushinda nyumbani amelala, alikuwa anakaa dukani kuanzia adhuhuri hadi alasiri, Salme akienda kupika, kuswali na kunyoosha miguu. Alitoa fotokopi, aliuza kalamu na bahasha, na pakiwa hakuna mteja alifungua mtandao akaangalia matokeo ya mpira.

Kwa hiyo Salme alipobaki peke yake asubuhi ile, jina la kwanza lililomjia lilikuwa la mumewe. Hakulitamka. Alimpigia simu mdogo wake, Majid.

Majid alikuwa fundi wa kompyuta, ana duka lake Mapinga barabarani. Mama yao alifariki Majid akiwa na miaka tisa, na Salme, ambaye wakati huo alikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja, alimchukua akamlea. Yeye na Sadallah ndio waliomsomesha mpaka chuo cha kompyuta Dar es Salaam. Mji mzima ulimjua. Alikuwa na ukurasa wake mtandaoni alikoweka programu za bure, za kuhariri picha, za kusikilizia muziki, za kubadili nyaraka, na watu wa maofisi na mashule ya pande zile walikuwa wanapakua kwake kwa sababu maelezo yameandikwa kwa Kiswahili. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amepita kwa dada yake, akamwekea programu ya bure ya kugeuza nyaraka zilizofungwa ziwe za kuandikika. Salme aliiomba mwenyewe. Wateja walikuwa wanamletea mikataba ambayo hawezi kuirekebisha hata koma.

Majid alikuja siku ya pili. Alikaa mbele ya kompyuta kama nusu saa, akifungua hapa na kufunga pale, na Salme akasimama nyuma yake amekunja mikono. Alipomaliza hakumgeukia.

"Dada, mashine haina uchu," alisema. "Inaleta kile ilichozoeshwa. Picha hizi zinafuata mahali mtu alikopita."

Salme alimuuliza nani aliyepita huko.

"Mimi simtaji mtu. Lakini hapa mko wangapi?"

Jioni ile, wakiwa uani, Salme alimweleza Sadallah yote. Mwanzoni Sadallah alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona mkewe hacheki, akaapa. Salme akamwambia kuapa ni rahisi. Sadallah akamuuliza, katika miaka ishirini na sita ya ndoa yao, amemwona lini na jambo la aibu. Hapo Salme akatoa neno ambalo baadaye alitamani ulimi wake ungekauka kabla ya kulitoa: kwamba miaka yote ile mwenziwe alikuwa kazini na mabaharia, na yeye hakuwepo kuona.

Salme aliweka neno la siri kwenye kompyuta, na hakumwambia mumewe ni neno gani.

Labda mambo yangeishia ndani ya nyumba yao. Lakini wiki ile ile waliingia kina mama wawili kutoa kopi za vitambulisho, na picha ikafunguka tena, safari hii na sauti. Kufikia Ijumaa iliyofuata habari ilikuwa imeenea, na ilikuwa imeshavaa nguo: mume wa Salme, yule wa mgongo, hana kazi tena, ndiyo shughuli yake dukani kila mchana. Wanaume wa barazani walikuwa wananyamaza Sadallah anapofika, kisha wanaanza kuzungumzia bei ya saruji. Madrasa wakapeleka mitihani yao kwa mchapaji mwingine. Binti yao Adila, aliyeolewa Dar, alipiga simu akauliza kama ni kweli, na Salme hakusema ndiyo wala hapana.

Sadallah aliondoka Jumanne asubuhi kwenda Pangani kwa dada yake, Bi Shamsia. Hakugombana na mtu. Alichukua begi moja la nguo na sanduku la spana ambalo hakulifungua tangu aumie. Jirani alimsaidia kulibeba mpaka barabarani.

Picha hazikuondoka naye. Ziliendelea kuja, na pamoja nazo matangazo ya kamari, ya dawa za nguvu za kiume, ya zawadi za simu ambazo Salme ameshinda na anatakiwa kubonyeza upesi. Alimpigia Majid tena. Majid akasema hayo ni mabaki, mashine ikishachafuliwa husafika polepole. Akamtumia programu nyingine ya bure ya kusafishia. Salme aliiweka mwenyewe, akibonyeza endelea, endelea, nimekubali, na kuanzia siku hiyo hata ukurasa wa kwanza wa mtandao ukabadilika, kila anachotafuta kikapelekwa kusikojulikana. Naye aliendelea kuamini. Alikuwa akisema moyoni kwamba Sadallah alikwenda mbali sana na uchafu wake hata fundi anashindwa kuufikia mwisho.

Ilipita karibu miezi miwili. Ndipo siku moja akaja mwalimu anayeitwa Kuruthumu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya darasani, anayefundisha kompyuta sekondari. Alitaka kuprinti mitihani. Alikuwa ameshatoa flashi yake mkobani tangazo lilipofunguka, na mkono wake ukaishia hewani.

Salme alianza kuomba radhi. Alisema maneno aliyokwisha kuyazoea, kwamba kuna mtu alikuwa anaitumia vibaya mashine hii, lakini hayupo tena.

Kuruthumu alivuta kiti. "Dada Salme, nani amekwambia ni mtu?"

Alimweleza taratibu, bila madaha. Kuna programu za matangazo ambazo hazihitaji mtu atazame chochote kibaya. Zinafungwa ndani ya programu nyingine ya bure, kama vile unaponunua unga ukapewa na wadudu wake. Unapoiweka ile uliyoitaka, kuna visanduku vidogo vimeshatiwa alama ya vema kwa niaba yako, vinasema unakubali na hii, na hii, na hii. Ukibonyeza endelea bila kusoma, zote zinaingia. Halafu zinaanza kukuletea matangazo ya yeyote anayelipa, na wanaolipa haraka ni watu wa kamari na watu wa picha chafu.

Alifungua orodha ya programu zote zilizomo kwenye kompyuta akaipanga kwa tarehe. Sita ziliingia siku moja, ndani ya dakika moja. Salme aliitambua moja tu, ile ya kugeuza nyaraka. Nyingine zilikuwa na majina ya Kizungu yasiyo na maana. Tarehe ilikuwa Jumanne ya tatu ya Machi, saa tano na dakika nane asubuhi.

Salme aliisoma tarehe mara mbili. Jumanne hiyo ndiyo aliyokuja Majid. Na Sadallah hakuwepo Bagamoyo. Alikuwa Mkange siku tatu nzima, kwenye msiba wa baba yake mdogo.

Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama inawezekana kujua mtu alitazama nini siku za nyuma. Kuruthumu alifungua kumbukumbu za mtandao, akasogeza kiti pembeni, akajifanya anapanga karatasi zake.

Yote ya mchana, kuanzia adhuhuri hadi alasiri, yalikuwepo, kwa sababu Sadallah hakujua kufuta wala hakuwa na cha kufuta. Matokeo ya mpira. Video za kufungua injini. Kisomo cha Kurani. Mazoezi ya mgongo uliovunjika. Halafu, mara saba kwa siku tofauti, maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, kama anayejaza fomu: KAZI AMBAYO MTU HAINAMI. Na mara moja, Februari: ZAWADI YA MKE MIAKA 26.

Salme aliinuka akaenda nyuma ya pazia, kwenye ndoo ya maji. Kuruthumu alimsubiri.

Aliporudi, mwalimu hakufanya kazi kwa niaba yake. Alimkalisha mbele ya kompyuta akamwelekeza, mkono wa Salme ndio ulioshika mausi. Waliziondoa zile programu moja moja, na ile ya kusafishia aliyotumiwa baadaye, ambayo ilikuwa imebeba tatu zaidi. Moja iligoma kutoka; ikauliza mara tatu kama kweli ana hakika, kila mara kitufe cha kukataa kikiwa kikubwa na cha kukubali kikiwa kimefichwa kwa rangi ya kijivu. Wakaingia kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, wakang'oa viongezo vilivyojipachika humo, wakafuta ruhusa za kurasa zilizopewa haki ya kutuma matangazo, wakarudisha ukurasa wa kwanza kama ulivyokuwa. Kulikuwa pia na kazi iliyojipanga yenyewe, ya kuzirudisha zote upya kila kompyuta inapowashwa, nayo wakaifuta. Mwisho wakapakua kisafishaji kutoka kwa watengenezaji wake wenyewe, wakakiacha kipekue mashine nzima. Ilichukua saa mbili na nusu. Walipowasha upya, skrini ilikuwa tulivu. Salme aliiangalia kwa muda mrefu, akingoja.

Kabla ya kuondoka, Kuruthumu alimwonyesha faili ile ya kwanza, ambayo bado ilikuwa kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na mahali ilikotoka. Ulikuwa ukurasa wa Majid. Alisema mwenye ukurasa anayefunga vitu kama hivi hulipwa kwa kila kompyuta inayoingiziwa. Hakuwa akijua kwamba ni ndugu yake. Alisema tu mtu huyo anaharibu mashine za watu wengi, na hata shuleni kwao wameshapakua kwake.

Salme alifunga duka akaenda Mapinga siku hiyo hiyo. Majid alikuwa na wateja. Alimwamkia dada yake, akampa kiti na soda, naye Salme akakaa akingoja, macho yake yakiwa kwenye kompyuta ya Majid mwenyewe. Ilikuwa imeelekea upande wake. Kwa muda wote ule haikutokea hata tangazo moja. Ile programu ya kugeuza nyaraka ilikuwemo, alama yake ile ile nyekundu, lakini alipomuuliza aliitoa wapi, Majid alijibu bila kufikiri kwamba yake ni ya watengenezaji. Kisha akaelewa alichokisema.

Wateja walipotoka Salme hakupaza sauti.

"Ulijua tangu siku ya kwanza nilipokuita?"

Majid alisema ni matangazo tu. Alisema kila anayegawa programu za bure anafanya hivyo, dunia nzima, vinginevyo angekula nini. Alisema alidhani yatakuwa matangazo ya simu na mipira; yeye hakuchagua picha. Salme alimwacha amalize.

"Sikukuuliza picha. Nimekuuliza, ulipokaa kwenye kiti changu ukaniambia mko wangapi hapa, ulijua?"

"Ningesema nini, dada?" alisema Majid hatimaye. "Watu wote wa huku wanapakua kwangu. Ningesema ni mimi, ningebaki na nani? Nilidhani mtagombana siku mbili mpatane."

"Sadallah amekulea."

Majid aliinamisha kichwa. Salme alimtaka jambo moja tu: waende pamoja kwa Maalim Twalib, na Majid aseme kwa kinywa chake kilichotokea, ili jina la shemeji yake lisafishwe mbele ya watu waliolichafua. Majid alikubali kwamba amekosa, alilia hata, lakini hilo alikataa. Alisema atafuta zile faili. Alisema atampigia Sadallah simu ya faragha. Kwa Maalim hakwenda.

Salme akaenda peke yake. Maalim Twalib alimpokea vizuri ukumbini, akamsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa. Salme alieleza visanduku, tarehe, Mkange, kila kitu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia anafanana na mwanamke anayemtafutia mumewe udhuru. Maalim alimwambia ni vyema mke kumsitiri mwenziwe, na kwamba wao walishamwombea Sadallah msamaha. Salme akasema hapana, Maalim, hakuna cha kusamehewa. Maalim akaitikia tena kwa kichwa, kwa upole ule ule, akamkaribisha kahawa.

Alhamisi alipanda gari la asubuhi kwenda Pangani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alimkuta Sadallah kwenye ua wa Bi Shamsia, amekaa kwenye kigoda kirefu alichojitengenezea, injini ndogo ya boti imewekwa juu ya meza mbele yake ili asiiname. Alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilikuwa na grisi tena. Bi Shamsia aliitikia shikamoo ya wifi yake, akamletea maji, akaingia ndani.

Salme alisema yote. Alipofika kwenye tarehe na msiba wa Mkange alikuwa analia. Aliomba radhi, akaomba warudi nyumbani. Sadallah alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Miaka yote alikuwa akimwita mama Adila.

"Bi Salme," alisema, "uliposema ni mimi, ulisema kwa sababu umeambiwa na kompyuta. Leo unasema si mimi, kwa sababu umeambiwa na kompyuta. Mimi nilikwambia siku ile ile."

Salme alisema tu kwamba alikosea.

"Najua. Nimekusamehe, wallahi. Lakini kukaa nawe kila siku nikingoja mashine nyingine ikwambie jambo, hilo siliwezi."

Hakuwa na hasira, na kama angekuwa na hasira Salme angepata pa kushika. Bi Shamsia alimfungia mkate wa kumimina wa kula njiani, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Dukani alichapa karatasi kwa herufi kubwa akaibandika mlangoni: namna ya kujua kama kompyuta yako imeingiziwa matangazo, wapi pa kuangalia tarehe, visanduku vipi vya kuondoa alama kabla ya kubonyeza endelea. Chini aliandika kwamba yaliyotokea hapa dukani yalitokana na programu ya namna hiyo, wala si mtu. Watu walisimama wakaipiga picha kwa simu. Wengine walimletea kompyuta zao, na kwenye nyingi alikuta faili ile ile. Mama mmoja alipoona tarehe alikaa chini sakafuni. Alikuwa amemtimua mdogo wa mumewe nyumbani. Lakini kuhusu Sadallah hakuna aliyesema neno. Habari yake ilikuwa imeshapoa, na watu hawakuona sababu ya kuipasha moto ili waambiwe walikosea.

Ukurasa wa Majid ulifungwa mwezi mmoja, kisha ukafunguliwa upya kwa jina jingine. Salme aliutambua kwa Kiswahili chake.

Talaka ililetwa na dereva wa gari la Pangani, ndani ya bahasha ya kaki. Salme amechapa talaka nyingi na anajua zinavyokaa: jina, jina la baba, mashahidi wawili, tarehe. Hii ilikuwa ya mkono, kwa herufi kubwa, talaka moja, bila sababu. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Mlangoni kulikuwa na mteja wa picha za pasipoti aliyekuwa akingoja kwa adabu. Salme alimwambia apite, akae sawa, ainue kidevu kidogo, akampiga picha.